Tangu Pasaka Chakula Hakikai

Shinyanga, 11 Januari 1953

Mdogo wangu Thobias,

Kama barua hii bado iko mikononi mwa karani wa stoo huko Geita, naomba akupe wewe kwanza kabla hajaisoma yeye. Sisi huku tunaendelea. Mama miguu imepungua kuvimba, anatembea mpaka zizini na kurudi bila fimbo. Esta wangu ameanza darasa la nne kwa Masista, na sasa anatusahihisha sote tunavyosema Kiswahili. Mvua imetukimbia tangu Krismasi. Mahindi yamejikunja, mtama unavumilia.

Habari iliyonishikisha kalamu ni tumbo lako. Siku zile tatu ulizokuwa hapa nilikusikia ukitapika nyuma ya jiko, ukaniambia ni samaki. Thobias, napika katika hospitali ya misheni mwaka wa saba huu, namjua mtu aliyekula samaki mbaya na namjua mtu aliyechubuka tumbo ndani. Ndiyo maana nilikukokota kwa Daktari. Maneno yake uliyasikia, ila nadhani yalikutoka kabla hujafika stesheni, kwa hiyo nayarudia. Hana dawa ya kumpa dereva anayeshinda na chai ya rangi na maandazi kutoka Shinyanga mpaka Kahama na mbele yake, halafu akifika anajaza nyama ya kukaanga kwa mara moja kama fisi na kulala juu yake.

Asubuhi kabla hujawasha gari kunywa uji wa mtama. Nimekufungia matobolwa katika mfuko wa unga. Viazi vikishachemshwa na kuanikwa namna ile havichachi hata ukivibeba mwezi mzima. Tafuna kidogo kidogo njiani pamoja na karanga. Maji uchemshe. Wafugaji wa huko wana maziwa ya mgando, waombe wakuuzie. Na mboga za majani usiniambie ni chakula cha wanawake. Ukisimama popote, shuka ulizunguke lori mara mbili tatu, chakula nacho kishuke.

Tajiri wako akikosa dereva ataandika mwingine kesho yake. Mama ana mtoto wa kiume mmoja.

Anayekuwaza kila akipakua chakula,
Dada yako Scolastika


Geita, 2 Februari 1953

Dada Scolastika, shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu, umwambie hiyo fimbo asiitupe bado.

Karani hakuisoma barua, au kama aliisoma hakucheka mbele yangu. Huku mvua ipo nyingi mno. Safari ya mwisho ilitushika siku tano kwa sababu ya tope. Utingo wangu, mzee Bujiku, alikata matawi ya kuweka chini ya magurudumu mpaka mikono ikatoka malengelenge. Ana miaka karibu sitini yule mzee na hachoki.

Sasa nikupe la kukufurahisha. Mbele ya Bugarama, pale njia inapochepuka kwenda Nyarugusu, kuna mwanamke anaitwa Mbuke. Anapikia wapita njia. Mumewe, Mageni, anachimba dhahabu Nyarugusu. Mimi na Bujiku tumekula kwake miaka mitatu, sahani moja sisi wawili, na siku zote nilikuwa naagiza nyama. Safari hii nikamsomea barua yako. Bujiku alicheka hasa pale penye fisi. Lakini Mbuke hakucheka. Akasema, "Dada yako ana akili. Kuanzia leo, dereva, hapa hupati nyama mpaka umalize majani. Unakaa kutwa kama figa, nyama itashuka vipi?"

Basi ndivyo ilivyo. Ananipikia nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, kwa karanga za kutwanga, na ugali wa mtama. Akisikia lori linapanda kilima anatoka barabarani na mwiko mkononi: "Dereva, umekula nini tangu asubuhi?" Nikidanganya anajua. Tumbo limetulia, Dada. Tangu katikati ya Januari sijatapika.

Ana mimba, anategemea karibu na Pasaka. Ya kwanza ilimsumbua sana, mtoto akafia tumboni. Nimemwambia siku ikifika asihangaike, nitampeleka mwenyewe kwa lori mpaka hospitali ya Geita. Alifurahi mpaka akanipa yai la bure.

Jambo moja tu la kuudhi. Tajiri ametoa amri kwamba hakuna dereva wake kubeba abiria, hata mmoja. Marcel, mwenzangu, alikutwa na watu wawili juu ya magunia akaachishwa kazi siku hiyohiyo. Mimi nimepewa barua ya onyo kwa ajili ya mzee mmoja mgonjwa wa miguu niliyemsogeza mwezi uliopita. Usimwambie Mama.

Ni mimi dereva wako mnene,
Thobias


Shinyanga, 1 Machi 1953

Mdogo wangu,

Barua yako nilimsomea Mama jikoni, nikaruka pale uliposema niruke. Alipiga vigelegele kwa habari ya majani ya kunde. Huku mvua mbili zimenyesha, tumepanda upya. Mbuzi mweusi kazaa mapacha.

Habari ya onyo imenikosesha raha. Shika amri ya tajiri wako, Thobias. Usibebe mtu. Maneno ya watu wa njiani hayaishi, kila mmoja ana mgonjwa na kila mmoja anakwenda karibu tu. Ukiachishwa kazi Esta anarudi nyumbani, na Mama dawa zake sijui nitazitoa wapi. Mimi mjane nina mikono miwili tu. Nakuomba kama dada yako mkubwa.

Huyo Mbuke namshukuru sana, mwambie. Nimekutumia nsansa kidogo ya kwetu umpelekee, aone kama inafanana na ya huko. Lakini kama mtoto wa kwanza alifia tumboni, huyu wa pili asizaliwe barabarani wala kwa mkunga wa kijijini. Sista wa wodi ya wazazi anasema mwanamke wa namna hiyo aende hospitali wiki mbili kabla, akae hukohuko. Usisahau kumwambia. Nimeona mengi hapa.

Kula vizuri wakati huu wa Kwaresima. Kufunga si kwa mtu mwenye tumbo kama lako, Padri amesema.

Wako,
Scolastika


Kahama, 19 Mei 1953

Dada, shikamoo.

Mimi mzima. Nimekaa kimya kwa sababu ya kazi, magari ni machache na msimu wa pamba unakuja. Mama hajambo? Esta je?

Mzee Bujiku ameacha kazi baada ya Pasaka. Tajiri hajanipa mtu mwingine, kwa hiyo natembea peke yangu. Nimeomba kuhamishiwa njia ya Tabora. Amekataa.

Chakula ni kama kawaida. Matobolwa usinitumie tena, sina nafasi ya kuyabeba.

Thobias


Shinyanga, 7 Juni 1953

Thobias,

Barua yako nimeisoma mara nne nikitafuta iliyobaki. Hujaandika hata salamu za watu wa huko.

Sisi wazima. Mama anauliza kila siku. Wiki hii alipotawazwa Malkia wa Uingereza wagonjwa wote walipikiwa wali na nyama, nilisimama kwenye sufuria sita tangu alfajiri, na watoto wa shule wakapewa biskuti. Esta alikuletea yako moja, ameiweka juu ya kabati na hataki mtu aiguse.

Sasa nieleze. Lori la tani tano linakosa nafasi ya mfuko wa matobolwa? Na mzee Bujiku aliyekata matawi mpaka akatoka malengelenge ameacha kazi kwa nini? Mligombana? Na Mbuke je? Pasaka imepita miezi miwili na hujaniambia kama amejifungua mvulana au msichana. Nimeulizwa na Sista wa wazazi, nikakosa jibu. Nilitaka nimshonee mtoto kofia, nikashindwa kuchagua rangi.

Niandikie barua kamili, si karatasi ya kufungia chumvi.

Dada yako


Geita, 30 Julai 1953

Dada yangu, shikamoo.

Mshukuru Esta kwa biskuti. Mwambie aile yeye.

Mbuke hapiki tena pale njia panda.

Nakuandikia kwa sababu ninahitaji dawa, na Daktari wa huko ananifahamu. Chakula hakikai. Si kama zamani. Zamani nilikuwa nakula ndipo natapika. Sasa nikitia tonge mdomoni koo linafunga. Nimejaribu uji, nimejaribu maziwa ya mgando, nimejaribu papai. Wali ndiyo kabisa, hata kuutazama. Chai inapita, basi naishi kwa chai. Mkanda nimeutoboa matundu mawili mapya kwa msumari.

Kuna jambo jingine, na nakuomba usimpelekee Padri wala mganga. Nikianza kupanda kile kilima kabla ya njia panda, kebini inajaa harufu ya karanga zinazochemka. Nimeiosha kwa sabuni na majivu. Nimeteremsha vioo vyote. Inakuwa saa sita mchana, jua kali, barabara nyeupe, hakuna nyumba inayotoa moshi, na ile harufu inakuja kama mtu amefunua chungu mapajani kwangu. Halafu kiti cha pembeni kinalia. Kinalia vile kinavyolia mtu akikaa. Springi zinashuka, Dada, naziona kwa pembe ya jicho. Ninaendesha nikitazama mbele tu. Tukishapita njia panda tukateremka upande wa pili, kinalia tena na kupanda juu.

Fundi amekifungua kiti mara mbili. Anasema springi ni nzima.

Nimeandika "tukishapita" na sitaifuta, kwa maana ndivyo ilivyo.

Niulizie hiyo dawa.

Thobias


Shinyanga, 23 Agosti 1953

Mdogo wangu Thobias,

Huku kwetu ni mavuno ya mwisho na vumbi. Mama amelala homa siku nne lakini jana aliomba uji na chumvi, kwa hiyo anapona. Esta amekuwa wa tatu darasani.

Nimemwona Daktari. Amesema mtu asiyekula kwa muda mrefu hivi aje mwenyewe, hawezi kumpa dawa dada yake. Anauliza ulianza lini. Nikamwambia Pasaka. Akaniuliza nimejuaje, na mimi nikajiuliza vilevile, maana wewe hukuandika.

Mzee Bujiku amekuja hapa hospitali kwa ajili ya jicho. Nilimtambua kwa jinsi ulivyomwelezea, mikono ile. Nilimpelekea chakula wodini mwenyewe, nikakaa kitandani kwake mpaka akamaliza. Tuliongea. Nilipomuuliza kwa nini aliacha kazi alisema, "Mama, sikuacha kazi. Niliacha sahani." Halafu akanieleza yote.

Sitakuandikia aliyosema. Nataka kuyasoma kwa mkono wako.

Usiponijibu sitakasirika, ila sitaandika tena mpaka nipate barua yako. Wakati huo kunywa uji mwembamba, vijiko vitatu, upumzike, vijiko vitatu tena. Usiulazimishe mwili zaidi ya hapo.

Scolastika


Geita, 20 Septemba 1953

Dada Scolastika,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi. Leo ni Jumapili na gari liko kwa fundi, hakuna pa kukimbilia.

Ilikuwa Jumamosi, kesho yake Pasaka. Tulikuwa na saruji ya mgodi. Tulifika njia panda saa nne asubuhi. Jiko lilikuwa la baridi, na Mbuke alikuwa amekaa kando ya barabara juu ya kile kigogo wanachokalia wateja, na kifurushi chake cha nguo miguuni. Uso ulikuwa umelowa jasho. Hakuniuliza nimekula nini.

Akasema, "Thobias, imeanza tangu jana. Mageni yuko machimboni. Nilikuwa nakungoja."

Nikashuka. Asubuhi ileile, Kahama, gari dogo la tajiri lilinipita likielekea Geita. Nilijua atakuwa getini kwa mgodi akihesabu mifuko ya saruji, kama afanyavyo. Barua ya onyo ilikuwa mfukoni mwangu. Na barua yako pia, Dada, lakini hilo sikulaumu.

Nikamwambia, "Mbuke, tajiri yuko mbele yangu. Akinikuta na mtu nimekwisha."

Bujiku akateremka kutoka juu ya mzigo. "Mpandishe. Mimi nitashuka, nitatembea."

Nikasema, "Si nafasi, mzee, ni amri."

"Mwanamke anajifungua, wewe unasema amri?"

Mbuke alitunyamazisha kwa mkono. Alikuwa anapumua kwa shida, lakini alisema kwa upole, kama mtu anayeuliza bei sokoni: "Utarudi saa ngapi?"

Nikasema, "Nikishusha tu mzigo nageuza. Gari tupu hakuna atakayeniuliza. Saa kumi na mbili niko hapa. Usiondoke."

Hilo neno nililisema mimi. Usiondoke.

Tulifika Geita saa saba. Tajiri hakuwa getini. Alikuwa amepitiliza kwenda Mwanza kula sikukuu. Tulishusha mpaka saa tisa. Madereva wenzangu walikuwa wamechinja mbuzi, wananiita, "Thobias, kula kwanza!" Bujiku akaniambia tugeuze. Nikamwambia nakula kidogo tu, tangu asubuhi sina kitu tumboni. Nilikula, Dada. Nyama na wali, nikaongeza. Nikajinyoosha mkekani niteremshe chakula, nikalala usingizi. Nilipoamka jua limezama. Nikajiambia wanawake huchukua siku mbili, na bila shaka watu wamekwisha kumsaidia. Kesho yake ilikuwa Pasaka. Nilikwenda misa. Baada ya misa nikala tena. Bujiku alikaa ndani ya kebini siku nzima, mlango wazi, akinitazama ninavyokula.

Tuligeuza Jumatatu.

Pale njia panda tulimkuta mwanamke mmoja jirani anakusanya vyungu. Ndiye aliyetueleza. Jumamosi jioni walikuja wanaume wanne na kitanda, wamchukue mpaka Nyarugusu kwa mama yake, kuna mkunga mzuri, na mtu mmoja huko alikuwa na gari la wachimbaji ambalo lingeweza kumfikisha hospitali. Mbuke alikataa. Akawaambia, "Dereva ameahidi kurudi. Tukipishana njiani, atanitafuta wapi?" Wakangoja pamoja naye. Usiku kucha walikuwa wakisikiliza magari. Alifariki Jumapili saa sita mchana, akiwa palepale, na mtoto hakutoka.

Bujiku alichukua blanketi lake. Akasema, "Siwezi kula na wewe tena," akaenda kwa miguu.

Nimefikiri sana. Kama ningemwambia sikuchukui, wangembeba. Angewatukana madereva wote na kulala juu ya kile kitanda. Kilichomkalisha pale ni ahadi yangu. Sasa anakaa hapa pembeni yangu kila safari, tangu chini ya kilima mpaka juu, na wala hasemi kitu. Angesema ningejibu.

Nimeandika kama ulivyotaka.

Thobias


Shinyanga, 11 Oktoba 1953

Thobias mdogo wangu,

Mama mzima. Esta mzima. Leo sina habari nyingine za nyumbani.

Ulivyoandika wewe na alivyosema mzee Bujiku ni kitu kimoja, isipokuwa yeye hakuniambia habari ya kile kitanda. Labda alinionea huruma.

Kuna jambo nami sikulisema mwezi wa nane. Ni mimi niliyekuandikia usibebe mtu. Katika barua hiyohiyo, mistari michache chini yake, nikakuandikia Mbuke aende hospitali, na sikujiuliza atakwenda na nini. Niliona ada ya Esta na dawa za Mama, sikumwona yeye. Nilijua hilo tangu siku Bujiku alipomaliza kula wodini. Niliogopa kuliandika kabla yako, nikakufanya useme wewe kwanza. Kofia ya mtoto niliishia kuishona, ya rangi ya manjano. Nimempa mama mmoja wodini, sikumwambia ilikuwa ya nani.

Sitakwambia kwamba si kosa lako. Ukiandikiwa hivyo na dada yako hutaniamini kwa lolote jingine.

Ninachokuomba ni hiki. Nenda kwa mama yake. Mzee Bujiku amenipa jina lake, Paskazia, anakaa kabla hujafika Nyarugusu, nyumba yenye mti wa mnyaa mbele ya ua. Nenda mchana, kwa miguu kutoka barabarani, lori liache. Usipeleke ng'ombe, usipeleke kanga, usipeleke hata sukari, watadhani unanunua. Useme kama ulivyoniandikia mimi, bila kuongeza jina la tajiri. Jina langu ukitaka ulitaje.

Sijui watakufanya nini. Ningetamani kukuambia watakusamehe, lakini mimi mwenyewe nikijiweka mahali pa yule mama siwezi kusema.

Vijiko vitatu, pumzika, vitatu tena. Ufike huko ukiwa na nguvu ya kusimama.

Dada yako anayekulilia,
Scolastika


Nyarugusu, 6 Desemba 1953

Dada Scolastika, shikamoo.

Mimi ni mzima kiasi. Mama mwambie nitakuja Krismasi. Huku mvua zimeanza vizuri na watu wako mashambani.

Nilikwenda juzi Ijumaa. Lori niliacha barabarani, nikatembea. Nilimkuta Mama Paskazia anapura maharage mlangoni, mwanamke mfupi, mgongo umepinda. Nikamsalimu kwa Kisukuma, kama mama yangu, "Mwangaluka, mayu," akaitikia, akanipa kigoda. Hakuniuliza jina wala shida, aliingia ndani, na muda si mrefu akatoka na maji ya kunawa na ugali na mboga. Mgeni ni mgeni. Mageni alikuwepo pia, amelala chini ya banda. Siku hizi haendi machimboni.

Nikasema, "Mayu, siwezi kula kabla sijasema nilichojia."

Akasema, "Mtu hasemi na njaa. Kula kwanza."

Dada, hayo ndiyo maneno ya wale madereva wa Geita. Nilipiga magoti mbele ya ile sahani, nikasema. Nilitaja jina langu, nikasema yote kama nilivyokuandikia, mpaka mbuzi na mkeka na usingizi. Nilisema neno "usiondoke". Mageni aliinuka katikati ya maneno yangu. Nilidhani anakuja kunipiga na nilitulia anipige. Alipita pembeni yangu, akatoka uani, akaenda zake. Sikumwona tena siku ile.

Mama Paskazia alisikiliza mpaka mwisho huku mkono wake ukichambua maharage. Nilipomaliza aliinama, akaichukua sahani mbele yangu, ugali haujaguswa, akairudisha ndani.

Sikujua niondoke au nikae. Nilikaa. Jua lilipanda mpaka likanifika kichwani.

Alipotoka alikuwa na jembe dogo. Akaniambia, "Alikuwa anatusimulia habari zako. Alisema kuna dereva hali majani, mpaka asomewe barua ya dada yake." Akanyoosha kidole nyuma ya nyumba: "Amelala kule na mwanawe. Mvua imeleta majani. Mumewe akishika jembe pale analiacha chini na kuondoka, na mimi mgongo hauniruhusu. Nenda ukapalilie."

Nikaenda. Kaburi lilikuwa limefunikwa kabisa, sangari na mbigiri mpaka magotini. Nililipalilia lote, nikang'oa mizizi kwa mkono, nikalizungushia mawe pale yalipokuwa yameporomoka. Ilinichukua muda mrefu kwa sababu sina nguvu, kila mara nilikaa chini. Hakukuwa na harufu yoyote pale, Dada, isipokuwa ya udongo uliolowa. Nilizungumza naye kidogo. Niliyosema nitakuambia nikija, au sitakuambia.

Nilipomaliza Mama Paskazia alikuja kutazama. Alizunguka kaburi lote. Akainama mahali pamoja, akang'oa jani nililoliacha. Akanipa maji katika kibuyu. Maji tu. Nikamrudishia jembe, nikamwambia asante, akasema, "Usinishukuru. Sijakusamehe." Nikasema najua. Akasema, "Mwezi huu majani yanaota upesi." Akaingia ndani akafunga mlango.

Nilirudi barabarani kwa miguu. Nusu ya njia nilianza kutetemeka, nikadhani ni homa, nikakaa chini ya mti nisianguke. Tumbo lilikuwa linaniuma upande wa juu, maumivu ambayo nilikuwa nimeyasahau, na nilikaa pale kwa muda nikijiuliza ni ugonjwa gani tena huu. Ilikuwa njaa.

Leo Jumapili nimemwomba tajiri ruhusa ya siku mbili kwa barua, kwa mkono wa dereva mwenzangu. Sijarudi Geita. Nimepata chumba hapa Nyarugusu kwa mwalimu mmoja, na kesho alfajiri nakwenda tena kwa Mama Paskazia. Sijui kama atanifungulia. Jembe nimenunua langu.

Thobias